San Francisco imesema ndiyo, Houston imesema hapana: sheria ya Marekani iko kwa nani?

*"Mimi ni Mtanzania, dereva wa lori, naishi Houston, Texas, tangu 2006. Wanangu watatu wamezaliwa hapa. Wa pili ana selimundu. Niliitwa mahakama ya uhamiaji, nikaomba nisiondolewe nchini kwa sababu ya miaka niliyokaa na hali ya mtoto. Wiki iliyopita jaji alikataa. Alikubali kwamba mtoto anaumwa na kwamba ataumia nikiondoka, ila akasema shida hiyo haijafikia kiwango cha sheria. Wakili wangu alimwonyesha uamuzi wa mahakama ya rufani ya San Francisco uliompa haki baba mwenye hali kama yangu. Jaji akasema hauna nguvu Texas. Binamu yangu wa California anasema jaji amekaidi mahakama iliyo juu yake, maana Marekani ni nchi moja na sheria ya uhamiaji ni moja. Mzee mmoja msikitini anasema niende moja kwa moja Mahakama ya Juu, Washington. Mwingine anasema nihamie San Diego kesi ianze upya. Wote wanasema majaji hawa wanaamua kwa siasa tu. Nishike lipi?"*

Ndugu yangu, pole kwa maradhi ya mtoto, na pole kwa uamuzi huo. Kabla sijajibu swali lako hata moja, chukua karatasi ya uamuzi uangalie tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Usichukue idadi ya siku kwa rafiki aliyekata rufaa miaka iliyopita. Kanuni za rufaa za uhamiaji hubadilika, na ada yake ilipandishwa sana mwaka 2025. Kumbuka pia kwamba fomu inatakiwa iwe imefika siku hiyo kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, chombo cha Wizara ya Sheria kinachopitia maamuzi ya majaji wa uhamiaji. Kuituma siku hiyo hakutoshi. Ukichelewa, yote nitakayokueleza hapa chini yatabaki kuwa maarifa tu.

Sasa wasiwasi wako. Unahisi umeonewa kwa sababu sheria moja imesomwa kwa namna mbili, na unadhani aliyekosea ni jaji wa Houston. Naelewa unakotoka. Nyumbani Tanzania tuna Mahakama ya Rufani moja, na neno lake linamfunga hakimu wa Kigoma sawasawa na wa Tanga. Mtu aliyezoea hivyo akisikia "mahakama ya rufani imeamua" anajua mjadala umekwisha. Marekani haikujengwa hivyo.

Mahakama za rufani za shirikisho ziko 13, na 12 kati yake zimegawana nchi kwa kanda. Texas, Louisiana na Mississippi ziko Kanda ya Tano, yenye makao yake New Orleans. California na majimbo mengine manane ya magharibi ziko Kanda ya Tisa, yenye makao yake San Francisco. Mahakama hizi ni ndugu wa tumbo moja, hakuna mkubwa kwa mwenzake. Uamuzi wa San Francisco unamfunga jaji wa San Diego, Seattle au Phoenix. Kwa jaji wa Houston ni hoja ya kusikilizwa tu: anaweza kuusoma, akashawishika, au akauweka kando. Alipokuambia hauna nguvu Texas hakumkaidi mtu, kwa sababu San Francisco haiko juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo binamu yako pengine halijui. Mahakama za rufani hutoa maamuzi ya aina mbili: yanayochapishwa ili yafuatwe, na mafupi yanayomaliza kesi ya mtu mmoja tu. Kesi nyingi za uhamiaji za Kanda ya Tisa huishia kwenye aina hii ya pili. Muulize wakili wako uamuzi aliouleta ni wa aina gani. Kama ni ule mfupi, haumfungi jaji hata wa California kwenyewe.

Nani basi yuko juu ya jaji wako? Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu neno "jaji" linawafanya wadhani kila jaji ni wa mhimili wa mahakama. Majaji wa mahakama za shirikisho huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yao yote wakiwa na mwenendo mwema. Jaji wa uhamiaji ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, yaani yuko katika mhimili wa utendaji, si wa mahakama. Anafungwa na maamuzi yaliyochapishwa ya Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, yale ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani, yale ya Kanda ya Tano kwa kuwa anakaa Texas, na yale ya Mahakama ya Juu. Mahakama za jimbo la Texas hazimo kabisa katika ngazi hii, kwa hiyo mtu akikuambia upeleke kesi ya uhamiaji kwenye mahakama kuu za jimbo huko Austin, mshukuru kwa nia yake na usifanye hivyo.

Nakuelezea ngazi hii kwa sababu naona mmeshikilia sana uamuzi wa mbali, huku pengine ulio na nguvu zaidi uko karibu.

Sheria uliyoombea ni ya mwaka 1996. Kabla yake ilitosha kuonyesha miaka saba ya kukaa nchini na shida kubwa, hata shida ya mwombaji mwenyewe. Bunge la Marekani likakaza: miaka kumi, mwenendo mwema, kutokuwa na makosa fulani ya jinai, na shida "ya kipekee na isiyo ya kawaida kabisa" itakayompata mwenzi, mzazi au mtoto ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. Shida yako wewe haihesabiwi tena. Ruhusa zinazotolewa kwa njia hii zina kikomo cha 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Lakini Bunge halikueleza popote "kipekee na isiyo ya kawaida kabisa" ni kiasi gani, na ndipo kazi ya kutafsiri inapoanza.

Mwaka 2001 Bodi ilijaribu kujibu katika kesi inayoitwa *Monreal*. Mwombaji alikuwa baba wa watoto watatu aliyekaa Marekani takriban miaka 20. Bodi ilisoma badiliko la 1996 lenyewe: kama Bunge liliondoa maneno mepesi likaweka mazito, basi lilikusudia mzigo uwe mzito zaidi. Baba yule alishindwa. Ila katika uamuzi huohuo Bodi ilitoa mifano ya watu wanaoweza kuwa na ombi lenye nguvu, na mmoja wao ni mwenye mtoto mwenye maradhi mazito sana. Mwaka uliofuata, katika kesi ya *Recinas*, Bodi hiyohiyo ilimkubalia mama mmoja wa watoto sita, ikisisitiza kwamba shida zote zipimwe kwa pamoja, zisichukuliwe moja moja na kutupwa.

Maamuzi haya mawili yanamfunga jaji wa Houston. Jambo la kwanza ambalo ningetaka kuona katika rufaa yako ni kama jaji aliyapima maradhi ya mtoto pamoja na mambo mengine yote, au aliyagusa kwa sentensi moja akapita. Hoja hiyo haihitaji California hata kidogo.

Lakini inategemea ulichoweka mezani siku ya kusikilizwa. Kusema "mwanangu ana selimundu" hakutoshi. Jaji alipaswa kuona ni mara ngapi mtoto amelazwa, anatumia dawa gani, anahitaji damu au hapana, nani anampeleka hospitali, bima yake inatokana na kazi ya nani. Kama mpango ni kwenda naye Tanzania, wakili wa serikali atasema Muhimbili kuna kliniki ya selimundu, na ni kweli ipo. Inabidi umjibu kwa barua ya daktari inayoeleza mtoto *wako* anahitaji nini na umbali wenu na huduma hiyo ungekuwa upi. Rufaa si kusikilizwa upya. Bodi husoma yaliyoandikwa na kurekodiwa mbele ya jaji. Kama una ushahidi mpya ambao haukuweza kupatikana wakati ule, mathalani mtoto amelazwa baada ya uamuzi, wakili anaweza kuomba kesi irudishwe kwa jaji kwa sababu hiyo, lakini ni ombi la peke yake lenye masharti yake.

Bodi ikikukatalia, hapo ndipo New Orleans inaingia. Una siku 30 tangu uamuzi wa Bodi kupeleka ombi Kanda ya Tano, na kulipeleka hakuzuii kwenyewe kuondolewa nchini. Zuio linaombwa kando na mahakama inaweza kulikataa. Majaji watatu watasoma jalada lako. Katika maombi ya aina yako hawaruhusiwi kuyapima upya mambo ya ukweli yaliyoamuliwa na jaji: kama jaji alisema mtoto hulazwa mara chache, wao hawawezi kusema hulazwa mara nyingi. Mahakama ya Juu ilithibitisha mpaka huo mwaka 2022 katika *Patel*. Miaka miwili baadaye, katika *Wilkinson*, kesi ya baba kutoka Trinidad na Tobago mwenye mtoto mwenye pumu, Mahakama hiyo ilisema kwamba kuchukua ukweli uliokwisha kukubaliwa na kuuliza kama unafikia kiwango cha sheria ni swali la sheria, na mahakama za rufani zinaweza kuliangalia, ingawa kwa kumpa jaji wa chini heshima yake, yaani bila kuugeuza uamuzi wake kirahisi.

Soma tena barua yako kwa jicho hilo. Unasema jaji alikubali mtoto anaumwa na kwamba ataumia ukiondoka, akakataa tu kwamba kiwango kimefikiwa. Ikiwa ndivyo uamuzi ulivyoandikwa, basi uko upande wa *Wilkinson*, upande ambao mahakama inaweza kuusikiliza. Sikuahidi ushindi. Kanda ya Tano inajulikana kwa ukali katika kesi za uhamiaji, na ile "heshima kwa jaji wa chini" huangusha wengi. Lakini mlango upo, na haukuwa wazi hivi kabla ya 2024.

Kwa nini basi kanda mbili zisome maneno yaleyale tofauti? Si lazima mmoja wao awe mjinga au mbaya. Jaji wa Marekani anayetafsiri sheria huanza na maneno yenyewe: mtu wa kawaida wa wakati sheria ilipotungwa angeyaelewaje? Kisha hutazama jirani za maneno hayo, muundo wa sheria nzima, maamuzi yaliyotangulia, na wengine hutazama pia tatizo ambalo Bunge lilikuwa likilitibu. Mara nyingi njia zote hufika mahali pamoja. Zisipofika, majaji hugawanyika.

Mfano ninaoupenda unahusu samaki. Mwaka 2007 afisa alimkuta mvuvi wa Florida, John Yates, katika Ghuba ya Mexico na chewa 72 waliopungua urefu unaoruhusiwa. Akamwamuru awalete bandarini. Njiani samaki wakatupwa baharini. Yates alishtakiwa kwa sheria ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya kashfa ya kampuni ya Enron, inayomwadhibu hadi miaka 20 jela anayeharibu "rekodi, hati, au kitu kinachoshikika" ili kuzuia uchunguzi. Je, samaki ni kitu kinachoshikika? Mbele ya Mahakama ya Juu, mwaka 2015, Jaji Kagan alisema ndiyo, kamusi haina utata, na Bunge likiandika kwa upana majaji hawana ruhusa ya kupunguza. Jaji Ginsburg alisema neno husomwa na majirani zake. Likiwa pamoja na rekodi na hati, linahusu vitu vya kuhifadhia taarifa. Yates alishinda kwa kura tano dhidi ya nne.

Waliomuunga mkono Kagan ni Scalia, Thomas na Kennedy, majaji walioteuliwa na marais wa chama cha Republican, wakati yeye aliteuliwa na Obama. Nakutajia hilo kwa sababu ya wale wanaokuambia ni siasa tu. Wamesema nusu ya kweli. Katika mabishano makubwa ya kitaifa, rais aliyemteua jaji mara nyingi anakuonyesha kura itaendaje, na sitakuficha hilo. Lakini katika maswali ya namna ya kusoma sentensi ya sheria, kura huvuka mipaka hiyo mara nyingi kuliko watu wa nje wanavyodhani, na kesi za uhamiaji zimo.

Tazama mfululizo huu, unaojibu pia swali la Washington. Sheria ileile ya 1996 inasema hesabu ya miaka kumi ya kukaa nchini inasimama mtu akikabidhiwa hati ya wito wa mahakama ya uhamiaji. Serikali ilikuwa na desturi ya kutoa hati zisizotaja tarehe wala saa ya kufika. Je, hati kama hiyo inasimamisha hesabu? Kanda moja ilisema hapana, nyingine nyingi zikasema ndiyo, kwa hiyo jibu lilitegemea unaishi wapi. Mahakama ya Juu iliingilia mwaka 2018 katika *Pereira*: kwa kura nane dhidi ya moja, haisimami. Serikali ikaanza kudai kwamba hati pungufu ikifuatiwa na karatasi ya pili yenye tarehe, zikijumlishwa zinatosha. Kanda zikagawanyika tena. Mwaka 2021, katika *Niz-Chavez*, Jaji Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump, aliandika uamuzi wa kura sita dhidi ya tatu kwamba sheria inataka hati moja iliyokamilika. Pamoja naye walikuwa Thomas na Barrett, na vilevile Sotomayor, Kagan na Breyer. Waliopinga ni Roberts, Alito na Kavanaugh.

Kisha likaja la tatu, na hili ndilo la Texas na California hasa. Mtu aliyepata hati pungufu, akapata baadaye karatasi yenye tarehe, asifike, akaamriwa kuondolewa bila kuwapo: je, anaweza kuifuta amri hiyo? Kanda ya Tisa iliwapa haki waombaji wawili. Kanda ya Tano ilimkatalia Campos-Chaves wa El Salvador. Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba New Orleans ndiyo iliyopatia, na ushindi wa California ukafutika. Ndiyo maana namwomba binamu yako asikuambie kwamba uamuzi wa San Francisco ndio sheria ya kweli na ule wa Texas ni ukaidi. Hadi majaji tisa waseme, kila kanda ina sheria yake. Wakisema, huenda wakakubaliana na kanda usiyoipenda.

Kwenda Washington moja kwa moja haiwezekani. Unapitia Bodi, kisha Kanda ya Tano, kisha una siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu ikusikilize, na haina wajibu wa kukubali. Maombi hufika maelfu kila mwaka. Kesi zinazosikilizwa ni chini ya mia moja. Kura nne kati ya tisa zinatosha kuipokea kesi, na kinachowavuta zaidi ni mgawanyiko wa kanda, si uchungu wa mwombaji, hata ukiwa mkubwa kiasi gani.

Hapo utaona kazi halisi ya ule uamuzi wa San Francisco. Leo haukushindii kesi Houston, lakini mwambie wakili wako autaje katika rufaa ya Bodi na tena New Orleans. Hoja ambayo haikuletwa mbele ya Bodi kwa kawaida haisikilizwi juu. Na tangu Juni 2024, katika kesi ya *Loper Bright*, Mahakama ya Juu imefuta kanuni iliyodumu miaka 40 ya majaji kukubali tafsiri ya idara ya serikali pale sheria inapokuwa na utata. Sasa majaji wa New Orleans wanapaswa kuisoma sheria kwa akili zao wenyewe, na wanaweza kutaka kujua wenzao wameisomaje. Kwa kiwango cha shida, *Wilkinson* bado inawataka wampe jaji heshima. Faida ya *Loper Bright* kwako huenda ikawa ndogo, na wakili anayekuambia ni kubwa mwulize kwa nini.

Kuhamia San Diego hakutakusaidia. Ombi linapelekwa kwenye mahakama ya kanda ambamo jaji wa uhamiaji alimaliza kesi, na jaji wako ameshamaliza akiwa Houston. Ukihama kwa sababu zako nyingine, toa anwani mpya mahakamani ndani ya siku tano za kazi na kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku kumi. Nimeona watu wakipoteza kesi nzuri kwa barua iliyokwenda nyumba ya zamani. Na usitoke Marekani rufaa ikiwa mbele ya Bodi, hata kwa msiba wa mzazi. Ukivuka mpaka, rufaa yako itahesabiwa umeiondoa mwenyewe. Najua hilo ni zito kwa mtu wetu kulisikia.

Mengine siwezi kuyasema bila kuona jalada. Kesi ya uhamiaji si ya jinai, kwa hiyo serikali haikupi wakili wa bure. Mahakama ya uhamiaji ya Houston ina orodha ya mashirika yanayotoa msaada bure au kwa bei nafuu, iombe. Kama wakili uliye naye hajawahi kuandika rufaa ya Kanda ya Tano, mwombe akuelekeze kwa aliyewahi, si tusi kwake. Jihadhari na "notario" na mawakala wa fomu: Marekani mthibitishaji wa hati si wakili, na anayeruhusiwa kukuwakilisha ni wakili mwenye leseni au mtu aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Nenda wiki hii, na uamuzi wenyewe, rekodi ya sauti ya siku ya kusikilizwa kama uamuzi ulitolewa kwa mdomo, na faili lote la hospitali la mtoto. Mwulize maswali mawili kwanza: tarehe ya mwisho ni ipi, na je, jaji alipima shida zote kwa pamoja kama *Recinas* inavyotaka.